Kuchemsha maji hakuondoi floraidi: siku mbili na walimu wa Arumeru

Nimerudi juzi kutoka kwenye semina ya walimu huku Arumeru, walimu 22 wa Sayansi na Teknolojia wa shule za msingi, na naandika hivi hivi kabla sijasahau.

Asubuhi ya kwanza niliomba kila mmoja aniandikie kwenye karatasi anafundishaje maji safi na salama. Nikazisoma wakati wa chai. Karibu zote zinasema chemsha, chuja, funika. Ni somo zuri, kipindupindu na taifodi tunapambana navyo hivyo hivyo na sitaki mtu aache kuchemsha. Ila hapa tupo miguuni pa mlima Meru, miamba ya volkano, maji yanapita humo chini yanabeba floraidi, ambayo ikizidi inaharibu meno ya watoto yanakuwa ya kahawia, na floraidi haifi kwa moto kwasababu siyo kidudu, ni madini, ukichemsha maji yanapungua kwa mvuke yenyewe inabaki palepale, yani glasi moja ya maji yaliyochemka sana inaweza kuwa na floraidi nyingi kuliko ya maji uliyotoa bombani.

Kulisema hivi kwa mdomo hakutoshi. Nishafanya hivyo huko nyuma, watu wanaandika kwenye daftari halafu wanarudi shuleni wanafundisha kilekile. Safari hii nikaweka jiko la gesi mbele ya darasa, sufuria, lita mbili za maji na kijiko cha chumvi, chumvi ikiwa badala ya floraidi. Kila mwalimu akaonja. Tukaacha yachemke mpaka yakabaki kama nusu, tukayapooza, wakaonja tena, chumvi imekolea zaidi. Mama mmoja mtu mzima, ana zaidi ya miaka 20 kazini, akabaki ameshika kikombe akaniuliza taratibu, "Mwalimu, kwahiyo hawa watoto nimekuwa nawadanganya?" Nikamwambia hapana mama, umewafundisha kuua vijidudu na hilo ni kweli, sisi ndio tumeweka mambo mawili kwenye kapu moja.

Yule mama toka asubuhi kila akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Kazaliwa hukuhuku. Mwenzake aliyehamia kutoka Mtwara kashakunywa maji hayohayo miaka mingi na meno yake meupe, na walimu wenyewe wakaanza kuulizana kwanini, hapo sikuongea kabisa nikawaacha wabishane. Wakafika wenyewe: floraidi inaliharibu jino wakati linatengenezwa, utotoni, mpaka kama miaka 8 hivi, aliyekuja mkubwa meno yake yalishakomaa. Ndio maana somo hili ni la shule ya msingi, tena la chekechea na la wazazi, tukisubiri sekondari tumechelewa.

Kuna kitu niliwaomba sana na naomba hapa pia, mwalimu asimwite mtoto mbele eti fungua mdomo wenzako waone. Nimewahi kuona, yule mtoto hakunyoosha mkono tena kipindi kizima. Tumia picha.

Kuhusu vipimo, Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na hapa nchini kwa miaka mingi tuliruhusu mpaka 4 kwasababu maji mengine yangetoka wapi. Na siyo maji tu, magadi tunayoweka kwenye maharage na makande ili yaive haraka nayo yana floraidi, hili liliwashtua walimu kuliko yote maana kila mmoja anayo nyumbani.

Siku ya pili ilikuwa ya mkaa wa mifupa. Pale Ngurdoto kuna kituo cha Wizara ya Maji cha utafiti wa kuondoa floraidi na chujio hizi wanazijua vizuri: mifupa inachomwa kwenye tanuru lenye hewa kidogo, inasagwa, inajazwa kwenye ndoo, maji yakipita taratibu floraidi inanasa. Isipoiva vizuri maji yananuka na mtu hayanywi tena. Na ule mkaa unachoka, unatakiwa kubadilishwa, ukisahau unakunywa floraidi huku una imani na ndoo. Mwalimu mmoja akauliza ni mifupa ya mnyama gani, kuna wazazi watakataa. Swali la maana sana, chujio ambalo mzazi halikubali halina kazi, kwahiyo tukatumia karibu saa nzima kwenye maji ya mvua, ambayo hayana floraidi ya kusumbua, gata za bati, simtanki, na kumwaga yale maji ya mwanzo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Floraidi haina rangi wala harufu na shule hazina kipimo, kwahiyo tunarudi likizo ya Juni na kila mwalimu anakuja na chupa ya maji kutoka bomba la shule yake, imeandikwa jina la kijiji na tarehe, tunazipeleka maabara pamoja. Yule mama keshanitumia meseji anauliza alete chupa mbili, ya shule na ya kisima cha kwake.