Utatufia Hapa

Tangu Jumatatu nimelala na neno moja, nimeamka nalo, nimekunywa nalo chai. Si tusi. Lingekuwa tusi ningelijibu likaisha.

Bomba letu la uani lilikuwa limepasuka na fundi kaahidi kuja "muda wowote kuanzia sasa", mnazijua saa za mafundi. Mama watoto alikuwa kwa dada yake. Nikachukua ile ndoo ya lita 10 nikaenda kuchota nyumba ya tatu. Kutoka bomba la jirani hadi kizingiti chetu ni hatua 86. Siku hizi nahesabu kila kitu. Nilikuwa nimefika kama 50, nikaiweka ndoo chini, nikainama, mikono magotini, nikawa natoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepoza uji. Asiyejua akiniona hivyo hudhani naanguka. Kumbe napumzika. Hivyo ndivyo ninavyopumzika mimi.

Akatokea yule kijana wa bodaboda anayeegesha kona ya barabara ya 14. Kazima pikipiki, kashuka, kaikamata ndoo kwa mkono mmoja.

"Shikamoo mzee. Lete, lete hiyo. Utatufia hapa."

"Marahaba. Ahsante mwanangu."

Ndiyo mazungumzo yote. Kaibeba hadi mlangoni huku anaongea na simu, bega halikuinama hata kidogo, kaiweka, kaondoka. Mimi nikamfuata nyuma mikono mitupu kama mkwe aliyekuja kutembea.

Angesema "utakufa" ningesema kijana kajifanya mganga, nikasahau. Lakini kasema utatufia. Hiyo *tu* ya katikati ndiyo iliyonikaa. Mtu akikufia, amekuachia kazi: kukimbilia majirani, kukodi turubai, kutafuta jeneza msikitini. Kwa hiyo kufa kwangu kulikuwa usumbufu wa mtaa mzima, na yeye katumwa kuuzuia kabla abiria wake hajapanda. Jumatatu usiku nilijaribu kuligeuza: labda ni upendo, "tu" maana yake "sisi tunaokuhitaji". Halikugeuka. Nikajaribu majibu. "Ondoa mkono, kijana." "Nafanya mazoezi." "Nikifa nitafia kwangu." Yote mazuri, yote yamekuja saa saba usiku.

Na hata hilo *tu* lisingenisumbua hivi kama si ile "ahsante mwanangu" yangu. Ilitoka haraka mno.

Kwa sababu ndoo ile ndiyo niliyokuwa naifanyia kazi. Mnakumbuka nilivyopelekwa kwa dada wa mazoezi hospitalini, baada ya kupuliza ile mashine na kuambiwa mapafu yangu hutoa kwa sekunde ya kwanza chini ya nusu ya hewa anayotoa mtu wa umri na kimo changu. (Habari za chumba cha brashi, kule kiwandani nyuzi za katani zinakosuguliwa, nilishaandika, sirudii: vumbi la katani miaka 17, kitambaa puani ndiyo kinga. Kifua kikuu baadaye, dawa miezi 6, nikapona na makovu. Na sigara, ambazo hakuna aliyenilazimisha.) Siku ya kwanza yule dada hakuniuliza naumwa wapi. Kaniuliza, "Mzee, unataka kufanya nini ambacho sasa huwezi?" Mwenzangu wa kiti cha pili kasema kwenda sokoni. Mwingine kasema kuoga bila kukaa. Mimi nikasema kubeba ndoo ya maji kuingia nayo nyumbani kwangu. Hakucheka. Kaandika.

Nilidhani atanifundisha kupumua. Akaanza na mapaja. Kukaa kitini na kusimama bila kushika kitu: wiki ya kwanza mara 4, nikaona nyota. Kupanda na kushuka ngazi moja. Chupa mbili za maji za lita moja na nusu zilizojazwa mchanga, kila moja kilo 2 na ushei, kuziinua kutoka pajani hadi begani. Kila unaponyanyua unatoa pumzi, usiibane. Nikamwuliza kwa nini miguu wakati kilichoharibika ni kifua. Akasema kifua hicho hatanishonea kipya, lakini miguu iliyokaa bila kazi ni mlafi: inadai hewa nyingi kwa kazi ndogo. Ikizoea kazi, inajua kutumia ile kidogo inayoletewa, na kifua kinapumua kwa nafasi. Mimi nilikaa kitini miaka 4 nikiogopa kuhema, na kwa kuogopa kuhema nikazidi kuhema.

Jingine ambalo nilitamani ningeambiwa zamani: watu hudhani shida yetu ni kuvuta hewa. Shida ni kuitoa. Ukiharakisha, pumzi mpya inaingia ya zamani haijatoka, kifua kinajaa kama gunia lililoshindiliwa, ndipo unapohisi unazama. Ndiyo maana ya kupoza uji. Na ndoo hubebwa kwa mkono ulioning'inia, si kichwani, maana ukiinua mkono kuishika huko juu, misuli ya shingo na mabega inayosaidia kifua inapewa kazi nyingine. Mama watoto hili hakuliamini, anabeba kichwani lita 20 huku anagombana na mtu.

Wiki 8. Mara 2 kwa wiki hospitalini, siku nyingine kivyangu kando ya ukuta wa uwanja wa mpira wa Mkwakwani kabla jua halijakaza, mipulizo miwili ya salbutamo kwanza, ile dawa ya kufungua njia za hewa, kupitia chupa ya plastiki niliyoitoboa kitako, halafu nangoja robo saa ndiyo naondoka. Tulipoanza nilitembea meta 288 kwa dakika 6, kati ya koni mbili kwenye ile korido. Siku ya mwisho 341. Kiti, mara 13. Na alfajiri moja, hili sikumwambia mtu, nilikisogeza kiti cha kuswalia pembeni nikaenda chini sijida kama zamani. Tumbo linabana kifua pale chini, kweli, lakini niliinuka mwenyewe. Rakaa mbili tu.

Sasa mtu wa hivyo ndiye aliyeambiwa atawafia watu barabara ya 14.

Jumanne usiku nikamsimulia mama watoto. Nilisimulia vizuri, nikaweka na vituo. Alikuwa anachambua mchele wa wageni, hakuinua uso.

"Ulitaka aseme nini? 'Endelea mzee, fia mbele'?"

Nikacheka. Nilicheka hadi kikohozi kikanikamata, nikaelekea dirishani, naye akaacha sinia akanishika mgongo huku naye anacheka, tukawa wazima wawili tunalia machozi saa nne usiku. Tulipotulia akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Lakini Baba, ulimwachia kwa haya au ulikuwa umechoka?"

Nilitaka kusema haya.

Yule dada alitufundisha kujipa alama za kuhema, 0 hadi 10. Mazoezini tubaki 3 au 4, tukigusa 5 tupunguze. Jumatatu pale hatua ya 50 nilikuwa 7. Ndoo niliijaza hadi ukingoni kwa sababu jirani alikuwa ananiangalia, na sikuvuta dawa kwa sababu nilijiambia ni nyumba tatu tu. Mkono wa kijana ulipogusa mpini, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa hasira. Ilikuwa raha. Mwili mzima ulisema alhamdulillahi kabla mimi sijasema lolote. Hasira nilikuja kuitengeneza baadaye, kitandani, nikiwa nimeshapumua.

Nimeliandika, limeandikika.

Jumatano fundi bado hajaonekana. Nikaamka, mipulizo miwili, nikangoja, nikaenda na ndoo ileile, nikatia nusu. Hatua 2 navuta, hatua 4 natoa. Nikasimama kwa hiari yangu kwenye nguzo ya umeme kabla sijahitaji kusimama, na hiyo ndiyo akili niliyoikosa Jumatatu, nikabadili mkono, nikaendelea. Nilifika kizingitini nikiwa 4. Nikarudi kuchukua nusu ya pili. Lita zilezile 10, safari mbili. Kijana hakuwepo. Hata paka hakuwepo. Nilikaa barazani dakika 20 na ndoo mbele yangu nikijifanya nasubiri mtu.

Alhamisi fundi kaja, kaziba, kadai hela ya kiunganishi ambacho nina hakika ni cha zamani. Na Alhamisi hiyohiyo nikamwona yule kijana kwenye kona yake. Nilijiandaa. Kaja mbio hadi nilipo.

"Shikamoo mzee wangu. Nikopeshe elfu mbili nitie mafuta, jioni nakuletea."

Nikampa. Njia nzima nilikuwa mwepesi, nikijiambia hakuna anayemkopa mtu anayekufa, maana atamlipa nani? Nilipofika nyumbani nikampa mama watoto hesabu hiyo, naye akasema ndiyo sababu hasa ya kukukopa wewe, ukifa deni limekufa. Mpaka leo Jumapili hajaleta.

Jana wamekuja watu wa posa ya binti yetu, kumi na wawili, mahari imetajwa, tumekubali, mengine nitaandika nikipata nafasi.

Kinachonikosesha usingizi usiku huu ni yule kuku mweusi. Anaatamia mayai 11 na leo ni siku ya 23, wakati yalipaswa kuanguliwa juzi. Nimeweka moja sikioni, sikusikia chochote. Hainuki, hali vizuri, ameng'ang'ania tu. Mama watoto anasema ni ile ngurumo ya wiki mbili zilizopita, yote yameshakuwa viza, nimtoe. Na jogoo ndiye tuliyemchinjia wageni jana, sikufikiria. Ngoja nichukue tochi nikaangalie tena.