Taa ya nje imulike chini

Kila jirani hapa mtaani Buruburu, Nairobi, anayetaka taa ya nje huuliza kwanza ni ya wati ngapi. Mimi huuliza: ukitoka usiku, unataka kuona nini? Kwangu ni ngazi ya mlango, kufuli la geti na uso wa aliyebisha. Hayo yakionekana vizuri, mwanga umetosha.

Mama yangu ana mtoto wa jicho. Taa kali ikimpiga usoni anasimama papo hapo, mkono ukutani, hajui kama mbele kuna ngazi au hakuna. Ndiyo maana nazipinga flodi, zile taa kali nyeupe zinazofungwa juu ya mageti na kuelekezwa barabarani. Hata mwenye macho mazima, akizitazama, haoni kilicho nyuma ya mwanga huo, na kando ya ukuta hubaki kivuli cheusi ambacho mwizi anaweza kujibanza. Tena nyumba zetu zimepakana. Mwanga wako unapenya pazia la jirani, na mtoto wa watu ana shule kesho.

Taa nzuri ya ukutani ina kofia, balbu imejificha ndani na mwanga unaanguka chini. Mlangoni kwetu tuna balbu ya LED ya wati 7, na inatosha kabisa. Ikiwaka usiku kucha haimalizi yuniti tatu za stima kwa mwezi. Flodi ya wati 50 ingekula 18. Kwenye boksi soma pia nambari yenye herufi K. 3000K ni mwanga wa manjano uliotulia, 6500K ni ule mweupe wa kuelekea buluu. Chukua 3000K. Macho yatapumzika, na wadudu wengi wa usiku hawaufuati sana mwanga wa manjano. Mvua zikianza utaona tofauti mlangoni.

Sola ndiyo inayotaka umakini. Ukizunguka maduka ya umeme ya barabara ya Luthuli, katikati ya jiji, utaonyeshwa taa iliyoandikwa 200W kwa maandishi makubwa. Igeuze utafute kibandiko cha betri. Tuseme kimeandikwa 3.2V, 10Ah. Zidisha upate wati-saa 32. Taa inayokula wati 200 kweli ingeimaliza betri hiyo kwa dakika kumi hivi! Usiku wetu huku karibu na ikweta ni takriban saa 12 mwaka mzima, kwa hivyo ili iwake hadi asubuhi lazima itumie chini ya wati 3. Huo ndio mwanga halisi unaoununua. Kisha pitisha ukucha kwenye mpira unaozunguka kioo. Usiwe na mwanya pale ncha zake zinapokutana, maana maji ya mvua huingilia hapo. Tazama pia alama ya IP, inayoonyesha taa inavyozuia vumbi na maji. Inayonyeshewa moja kwa moja iwe IP65. Iliyo chini ya paa la baraza, IP44 inatosha.

Sola ninaipenda kwa sababu stima ikipotea, yenyewe inaendelea. Lakini Julai mawingu huweza kukaa Nairobi siku nyingi, na paneli ndogo haishibi. Miezi hiyo jua huwa upande wa kaskazini, basi paneli iinamishwe kidogo huko, mbali na kivuli cha mti.

Bustanini tumeweka taa fupi za kimo cha goti kando ya njia ya matofali ya kabro, kutoka jikoni hadi kwenye mfereji, kwa sababu Mama humwagilia sukuma wiki jioni. Ua wa miti ya kayaba tumeuacha bila taa, na sioni sababu ya kuumulika. Waya wa ardhini uwe ule wenye ganda la chuma, uzikwe chini kuliko jembe linavyofika. Kama kuna taa ya sensa, ile inayojiwasha mtu akipita, ifungwe ili mtu apite mbele yake kwa ubavu. Anayeijia moja kwa moja huchelewa kuiwasha.

Kabla fundi hajatoboa ukuta, mwambie aiwashe taa kwa waya wa muda, giza likishaingia, aishikilie pale unapoitaka. Piga hodi kwa jirani, usimame dirishani kwake. Ukiiona balbu yenyewe kutoka pale, mwambie fundi aishushe au aigeuze.