Mwanaidi Hajui Ninachokijua Mimi

Shangazi yangu alikuwa anatia bitana kwenye koti la bwana harusi siku nilipomsomea sura ya kumi na moja. Ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, tangu mimi sijazaliwa, na kila riwaya yangu hupita kwake kabla haijamfikia msomaji yeyote. Nilisoma mpaka pale Mwanaidi anapofungua mlango wa ghala usiku, peke yake, taa ya simu mkononi. Mguu wa shangazi ulikuwa umetulia juu ya pedeli. Nikadhani nimempata. Nilipomaliza aliitazama sindano, mimi hakunitazama.

"Mwanangu, huyu binti haogopi," alisema. "Ataogopaje, na kila kitu anakijua? Anaingia mle ndani kama mtu aliyekwisha kusoma mwisho wa hadithi."

Nina miaka sita naandika riwaya za mapenzi na taharuki. Mchana ni wakala wa miamala ya simu karibu na soko la Mgandini. Usiku naandika, na kila Jumatatu na Alhamisi nawatumia wasomaji sehemu mpya kwenye simu zao. Sehemu tano za mwanzo ni bure, kisha anayetaka kuendelea analipa shilingi 2,000 kwa hadithi nzima. Kwa mwezi mzima kabla ya siku ile wasomaji walikuwa wananiandikia jambo ambalo sikulielewa: mbona Mwanaidi yuko baridi, mbona safari hii hatushtuki. Mimi nikawajibu kwa kuongeza vitisho. Nikaweka nyayo chini ya dirisha, nikaweka simu inayoita na anayepiga hasemi kitu, nikaweka paka aliyekufa mlangoni. Havikusaidia.

Hadithi yenyewe ni hii. Mwanaidi ana miaka 31, ni fundi wa nguo, ana kibanda Barabara ya 9. Kaka yake, nahodha wa mashua, alitoka usiku kwenye bandari bubu moja upande wa Pangani akiwa amepakia sukari ya magendo, na hakurudi. Miezi minane baadaye mgeni anayeitwa Salim analeta koti lipunguzwe mikono. Ndani ya bitana Mwanaidi anapapasa mfuko ulioshonwa kwa mkono, na ndani ya mfuko anakuta leseni ya kaka yake ya uvuvi. Basi anampenda Salim na kumwogopa Salim kwa wakati mmoja. Aliyempoteza kaka yake hasa ni Mzee Haidari, tajiri mpole anayemlipia kodi ya kibanda tangu siku za msiba. Mimi hilo nilikuwa nalijua kabla sijaandika mstari wa kwanza. Kosa langu ni kwamba nilimwambia Mwanaidi.

Sikumwambia waziwazi. Lakini Haidari alipoleta gunia la mchele, Mwanaidi alilipokea shingo upande, na hakuwa na sababu yoyote ya kufanya hivyo. Salim alipotabasamu, "kitu fulani moyoni kilimwambia huyu si mtu mbaya". Usiku ule niliporudi kutoka kwa shangazi nilitafuta maneno hayo katika sura zote kumi na moja. Yalikuwemo mara tisa. Mara zote tisa kilichomwambia kilikuwa mimi.

Na sababu naijua. Mdogo wangu wa kike aliolewa na mtu ambaye kumbe alikuwa na mke na madeni mji mwingine. Siku alipotokomea na akiba yake ya miaka minne, sikumsikia mtu akimlaani yule mwanamume kwa sauti. Walimgeukia yeye. Hukuona? Wewe na kusoma kwako kote, hukuona? Niliwasikia wakimuuliza hata waliokuja kumpa pole. Tangu hapo kila mwanamke niliyemwandika nilimpa macho yangu mimi mwandishi, ili asije akaulizwa swali lile. Katika riwaya tano, hakuna hata mmoja aliyedanganywa kwa zaidi ya kurasa mbili.

Hata kabla ya yaliyompata mdogo wangu, kulikuwa na Rosa. Nilisoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ile ya mwaka 1971, nikiwa kidato cha tatu, nakala ya kuazima iliyokwisha kupoteza jalada. Rosa alipojiua nilimkasirikia mwandishi kama vile ni jirani aliyesikia kelele akafunga dirisha. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Leo nikimrudia Rosa naona Kezilahabi hakumwacha. Alifuatana naye mpaka mahali ambapo mimi, na huruma yangu yote, nisingethubutu kufika.

Nikaenda maktaba nikaazima Rebecca ya Daphne du Maurier, ya mwaka 1938, ambayo niliwahi kuisoma kwa haraka zamani. Safari hii niliisoma na penseli. Anayesimulia ni mke kijana, hata jina lake hatuambiwi, na sehemu kubwa ya kitabu anaamini kwamba mumewe bado anampenda mke wake wa kwanza, marehemu. Mwandishi anajua sivyo. Yeye hajui. Nilipiga mstari kila mahali anapoona dalili, na nikagundua kwamba hakuna dalili aliyoizua. Mume ni mkimya kweli. Akitajiwa marehemu anabadilika uso kweli. Mke anaona kila kinachoonekana, isipokuwa tafsiri yake ndiyo inayompeleka kwingine. Na wakati wote huo sikumwona mjinga hata mara moja. Nilitaka nimshike mkono.

Basi nikanunua daftari la kurasa 96. Ukurasa wa kushoto nikaandika ninachokijua mimi, wa kulia anachokijua Mwanaidi, sura kwa sura. Kushoto, sura ya tatu: Haidari ndiye aliyelipia ile safari ya mashua. Kulia: Haidari ndiye aliyeleta mchele na maturubai. Kisha nikarudi kwenye hadithi na kufuta kila sentensi ambayo haikuwa na mizizi kwenye ukurasa wa kulia. Gunia la mchele sasa analipokea kwa mikono miwili na anamwombea dua aliyelileta. Kuandika dua ile kuliniuma kuliko kuandika kifo cha kaka yake.

Daftari lilimnyang'anya macho yangu, lakini halikumpa macho yake. Kwa hiyo nikafunga kibanda changu wiki nzima nikakaa na shangazi, nikimuuliza fundi anaona nini. Anaona mengi. Mbeba mizigo bega moja huwa limeshuka, na ukimshonea shati la mabega sawa litamvuta shingoni. Mjane wa karibuni huomba gauni lipunguzwe kiunoni na hataji sababu. Suruali iliyokaukia maji ya bahari pindo lake hukakamaa, na ukilikunjua unakuta mstari mweupe wa chumvi. Niliandika yote. Huo mstari wa chumvi ndio uliookoa riwaya yangu: Mwanaidi anauona kwenye suruali ya Salim, na kwa akili yake nzuri anaamua kwamba mtu huyu hushinda bandari bubu. Ni kweli hushinda huko. Anamtafuta aliyempoteza kaka yake Mwanaidi, kwa kuwa yeye na kaka huyo walikuwa marafiki. Dalili sahihi, hukumu mbaya, na msomaji aliyeko upande wa kulia wa daftari hawezi kumlaumu, maana naye angeamua vivyo hivyo.

Siku ya nne nilimuuliza shangazi anavyompima mwanamume.

"Simpimi," alisema. "Namwambia alete nguo yake inayomkaa vizuri, napima hiyo. Akiwa hana, mjukuu wangu anashika futi, mimi naandika."

"Hujawahi hata siku moja?"

Alichelewa kujibu. "Mara moja," akasema, akaendelea kushona, na sikumuuliza zaidi kwa sababu ni shangazi yangu.

Nilikuwa nimeshaandika sura ya mapenzi yenye mwezi, ufuko wa Raskazone na maneno mengi matamu. Niliifuta yote. Badala yake Mwanaidi, ambaye hajawahi kumpima mwanamume kwa mkono wake, anamwambia Salim kwamba koti la zamani halitoshi kupimia, asimame. Mlango uko wazi. Mtoto wa jirani anacheza kizingitini. Anamzungushia futi kifuani bila vidole vyake kumgusa, anasoma inchi 38, na kabla hajaiondoa anamuuliza, kama mtu anayepiga soga tu, iwapo aliwahi kumfahamu nahodha mmoja wa Pangani, na analitaja jina la kaka yake. Futi inakaza. Inasogea mpaka 39. Salim anasema hapana, simfahamu, na futi hailegei mpaka atakapoachia pumzi. Mwanaidi anaandika 39 kwenye kitabu cha oda. Usiku anakitazama kile kitabu akijua ile inchi moja haikuwa kifua, na akijua pia kwamba angetoa chochote ili asimame tena karibu naye namna ile.

Ukurasa wa kushoto unasema Salim alizuia pumzi kwa sababu yeye ndiye aliyeukuta mwili ufukoni na hajui atamwambiaje. Ukurasa wa kulia unasema amezuia pumzi kwa sababu ni muuaji. Niliposhika kalamu nilijilazimisha kuukunja ule wa kushoto na kuubana kwa kibanio cha nguo. Ndiyo sura iliyonipa wasomaji wengi kuliko zote, na haina hata busu.

Pangani nilikwenda pia, nikapanda kivuko kuvuka mto hadi Bweni na kurudi, jioni, nikimfikiria yeye akivuka na mtu asiyemwamini. Nilipata harufu ya dizeli na ubaridi wa upepo unaotoka baharini. Mengine nilikuwa nayo tayari.

Wasomaji nao wakaanza kuogopa, na woga wao ulinijia mimi. Kuna dada mmoja anafanya kazi za ndani Muscat. Alinitumia ujumbe wa sauti saa nane za usiku: "Dada mwandishi, nakuomba usimuue Mwanaidi. Huku niko peke yangu, yeye ndiye mwenzangu." Niliusikiliza mara tatu. Mwandishi Samuel Richardson alipokuwa anatoa riwaya yake Clarissa huko Uingereza, juzuu baada ya juzuu, mwaka 1747 na 1748, wasomaji walimwandikia vivyo hivyo wakimsihi amnusuru binti yule. Mmoja wao, Lady Bradshaigh, alimwandikia kwa jina la bandia akiomba hadithi iishe kwa furaha. Richardson hakukubali, na Clarissa akafa. Mimi sina moyo huo, na sidhani riwaya za aina yangu zinautaka, kwa sababu anayenunua mapenzi na taharuki ananunua pia ahadi kwamba mapenzi yatatoka hai. Lakini ahadi hiyo haisemi hatadanganywa. Nikamjibu: "Hafi. Ila atadanganywa, na itauma. Kaa naye."

Kisha nikairudia ile sura ya ghala. Zamani aliingia akijua adui ni nani. Sasa anaingia kwa sababu Mzee Haidari amempa ufunguo mwenyewe, kwa upole wake ule ule, akimwambia Salim ameficha vitu vya marehemu mle ndani. Anaingia akimwogopa Salim. Analia kwa ajili ya Salim. Yuko katikati ya marobota ya mkonge, taa ya simu inamulika vumbi, mlango unafungwa nyuma yake, na anasikia mtu akikohoa nje. Anakifahamu kikohozi kile. Alikisikia siku tatu mfululizo kwenye matanga ya kaka yake, na kila alipokisikia alimpelekea mgonjwa maji.

Mwandishi Mfaransa Flaubert aliandika kwenye barua kwamba alipokuwa akieleza jinsi Emma Bovary, mhusika wa riwaya yake, alivyojitia sumu, aliisikia ladha ya aseniki mdomoni mwake mwenyewe. Sijilinganishi naye. Lakini usiku ule nilitoka nje nikakaa barazani mpaka alfajiri, kwa sababu ndani kulikuwa hakuna hewa, na kwa mara ya kwanza sikuwa na njia ya kumnong'oneza chochote. Alijitoa mwenyewe. Ana mkasi wa kazi kiunoni, na marobota hufungwa kwa kamba.

Sura ile nilimpa mdogo wangu aisome kabla ya shangazi. Hakusema ni nzuri wala mbaya. Alirudi nyuma hadi ukurasa wa mchele, wa ile dua, akausoma tena, akaniuliza kama anaweza kukaa na karatasi zile mpaka kesho. Mpaka leo hajazirudisha.

Riwaya ilifika sura 26. Nilimsomea shangazi ya mwisho jioni moja ya mvua, mimi nikiwa na sauti iliyokauka, yeye akiwa na kanzu mapajani. Mwanaidi na Salim wamerudi Tanga, Haidari yuko mikononi mwa sheria, kaka amepata kaburi. Alinyamaza muda mrefu.

"Na lile koti?" akauliza.

"Koti gani?"

"Alilolileta apunguziwe mikono. Sura ya kwanza. Umenisomea mpaka mwisho, sijasikia kazi ya mteja imekabidhiwa. Fundi gani huyo?"

Nilikuwa nimelisahau kabisa. Niliandika pale pale, juu ya meza yake ya kukatia. Mwanaidi amekaa mlangoni, mkono wa kushoto wa koti umekwisha, wa kulia bado. Anaufumua ule mfuko wa siri ndani ya bitana, anaondoa nyuzi za zamani moja moja, kisha anaushona upya kwa mkono wake, mahali pale pale. Nikamsomea.

"Hapo sawa," shangazi akasema. "Uzi gani?"

"Mweusi."

"Bitana ulisema ya kijivu."

Nikafuta, nikaandika kijivu. Alhamisi nikawatumia.