Nilivyozuia maji kuingia kwenye Morris Minor Traveller yenye fremu ya mbao

Gari la Morris Minor Traveller lilitengenezwa Uingereza kuanzia 1953 hadi 1971. Fremu yake ya nyuma ni mbao za mti uitwao ash, na wala si pambo: ndizo zinazoshika madirisha, milango na paa la nyuma. Zikioza, bodi inalegea. Hapa Mbeya mvua inaanza Novemba hadi Aprili au Mei, kwa hiyo ufa wa milimita 2 si wa kuuacha.

Kazi niliianza Agosti, baada ya gari kukaa wiki 3 chini ya bati. Mbao zilizovimba kwa unyevu ukiziziba, zitasinyaa baadaye na ufa utajirudia.

Kwanza tafuta maji yanapoingilia. Mtu mmoja alikaa ndani na tochi, mimi nikamwaga maji kwa mpira bila presha, kuanzia chini kupanda juu, dakika 5 kila sehemu. Ukianzia juu, maji yanateremka na utadhani kote kunavuja. Zulia lilikuwa limelowa karibu na tairi, kumbe maji yalipenya juu kabisa, pale aluminiamu ya paa inapokutana na mbao, yakashuka kwa ndani. Milango ya nyuma nilipima kwa poda ya watoto: paka kwenye mpira wa mlango, funga, fungua. Pasipo na alama kwenye fremu, mpira haugusi. Hapo rekebisha bawaba kabla ya kununua mpira mpya.

Fundi wa awali alijaza silikoni kila kona. Niliivuta ikabanduka nzima kama utando wa maziwa, na chini yake mbao ilikuwa nyeusi, inanuka tope. Mbao hutanuka na kusinyaa. Silikoni ikiachia upande mmoja, maji yanaingia na hayapati pa kutokea. Mabaki yake pia hukataa vanishi, kwa hiyo kwangua kwa wembe, kisha msasa namba 80, halafu 120.

Chomeka bisibisi kwenye mbao. Ikizama milimita 5, kata. Reli ya chini niliikata mshazari, urefu wa mkato mara 8 ya unene wa mbao, nikaunga mninga mkavu kwa gundi ya epoksi. Paini ya Sao Hill inapatikana kirahisi, lakini isiyowekwa dawa huoza haraka. Mninga hausinyai sana.

Vanishi hutangulia, kwa sababu haishiki juu ya butili, yaani mpira laini unaonata wa kuzibia maji. Mkono wa kwanza niliuchanganya na tinner kidogo ili unyonywe, kisha mikono 4 mizito, na kwenye ncha za mbao nikaongeza 2. Vanishi ilipokauka kabisa, nikaweka utepe wa butili isiyokauka, unene wa milimita 3, kati ya aluminiamu na mbao. Skurubu za chuma kisichoshika kutu zikazwe kidogo kidogo, kwa zamu, mpaka butili ichungulie pembeni.

Reli za vioo vya kutelezesha ndizo zinazoharibiwa zaidi. Manyoya ya zamani ndani ya reli, ambamo kioo huteleza, yalikuwa yameshikana na vumbi, matundu ya kutolea maji yamezibwa. Matundu niliyafungua upya kwa keekee ya milimita 6 na kupaka epoksi ndani ya tundu. Matundu haya usiyazibe kamwe, hata ukiona yanapitisha upepo. Kila mwisho wa mwezi wakati wa mvua nayapitishia spoku ya baiskeli, kisha namwaga kikombe cha maji kwenye reli na kuangalia kama yanadondoka nje.