Mwisho wa Hannibal Umetugawa

Nakala moja ya riwaya ya Hannibal, ambayo jalada lake sasa linashikiliwa kwa gundi, imepita mikononi mwa wasomaji wengi ninaowafahamu hapa Mombasa, na imewagawa watu ambao kwa kawaida hukubaliana karibu juu ya kila kitabu. Thomas Harris aliichapisha mwaka 1999, miaka 11 baada ya The Silence of the Lambs, na kwa kuwa filamu ya kitabu hicho cha awali ilitoka mwaka 1991 ikatwaa tuzo tano kubwa za Oscar, wasomaji walioungoja mwendelezo walikuwa tayari na sura za waigizaji vichwani mwao. Huko ng'ambo mgawanyiko ulizuka papo hapo: mwandishi wa riwaya za kutisha Stephen King aliisifu mno, naye mwandishi Mwingereza Martin Amis akaiponda bila huruma. Sisi tuliipata kwa kuchelewa, kwa wauza vitabu vilivyotumika, lakini ubishi wetu haukuwa mdogo kuliko wao. Ambaye hajaisoma na anakusudia kuisoma na aishie hapa, kwa sababu siwezi kueleza tunachogombania bila kufichua mwisho wake.

Katika kitabu cha awali, Daktari Hannibal Lecter, mtaalamu wa magonjwa ya akili aliyewaua na kuwala watu, alikuwa nyuma ya kioo na vyuma, na mwanafunzi wa upelelezi wa FBI, Clarice Starling, alikwenda kumwomba msaada wa kumkamata muuaji mwingine. Katika mwendelezo miaka saba imepita, Lecter yuko huru, na Starling ndiye aliyefungwa kwa namna nyingine. Riwaya inaanza kwa msako unaoharibika kwenye soko la samaki, ambapo Starling anampiga risasi mwanamke mwenye silaha aliyembeba mtoto mchanga kifuani, kisha anamchukua mtoto yule aliyelowa damu ya mamake na kumwosha kwa maji ya mpira juu ya meza ya kupasulia samaki. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyepinga ubora wa kurasa hizo. Magazeti yanamgeuza kuwa muuaji, wakubwa wake wanamtupa, na ofisa mmoja wa Wizara ya Sheria aitwaye Krendler, aliyewahi kumtaka akamkataa, anafanya juu chini kumwangamiza.

Ubishi wetu ulianzia kwa mwalimu mstaafu wa kike, ambaye wengi wetu bado tunamwamkia shikamoo kabla ya kuthubutu kumpinga. Yeye anampenda Lecter na wala hafichi. Nilipomuuliza inakuwaje mtu wa heshima zake amtetee mla watu, alinijibu bila kuacha kumenya chungwa lake:

"Mwanangu, huyu bwana anawaua wasio na adabu. Mimi nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote. Usinitake nimlilie Krendler."

"Lakini mwalimu, si anawaua tu. Anawala."

"Hilo ni lake na Mola wake. Mimi nasema nani alianza."

Tulicheka, lakini jibu lake limeligusa jambo ambalo wahakiki wengi hulipita haraka. Msomaji wa pwani analelewa kumpima mtu kwa maamkizi yake, kwa jinsi anavyokaa mbele ya wakubwa, kwa jinsi anavyomkirimu mgeni, na Lecter anafaulu vipimo hivyo vyote. Hapandishi sauti, anajua kuchagua zawadi, huandika barua kwa hati nzuri, na hakuna mgeni anayeketi mezani pake asiandaliwe. Nadhani ndiyo sababu anatutia hofu ya aina yake: mambo tuliyofundishwa kuyatazama ili tumjue mtu mwema yote anayo, na bado hayatuambii lolote juu yake.

Sehemu ya Florence ndiyo iliyotuunganisha kwa muda. Lecter amejificha katika mji huo wa Italia kwa jina la Daktari Fell, akifanya kazi ya kutunza maktaba ya kale katika jumba la Palazzo Capponi baada ya mtangulizi wake kutoweka (na msomaji hahitaji kuambiwa alitowekaje). Ananunua manukato na sabuni katika duka la dawa la Santa Maria Novella, ambalo lipo kweli na asili yake ni watawa wa zama za kati, na Harris anaeleza namna anavyozitenganisha harufu moja moja, kwa subira ambayo sisi tuliokulia vichochoroni mwa Mji wa Kale, baina ya udi, halwaridi na asumini, tuliielewa bila mkalimani. Ofisa wa polisi Rinaldo Pazzi anamtambua, lakini badala ya kumkamata anaamua kumuuza kwa tajiri anayetaka kulipiza kisasi. Pazzi ametungwa, ila ukoo wake si wa kutungwa: mwaka 1478 Francesco de' Pazzi alinyongwa na kuning'inizwa kwenye dirisha la Palazzo Vecchio baada ya njama dhidi ya ukoo wa Medici, uliokuwa ukitawala Florence, kushindwa. Harris pia alikwenda mwenyewe kusikiliza kesi ya mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji ya wapenzi waliokuwa wakivamiwa magarini nje ya mji huo kati ya miaka ya 1968 na 1985, na kivuli cha mauaji hayo kimeenea kote katika sura hizi. Lecter anapotoa mhadhara wake juu ya Dante, mshairi wa kale wa Italia, juu ya usaliti na kujinyonga, huku Pazzi akiwa amekaa pale akidhani yeye ndiye mwindaji, msomaji anajua mhadhara huo unamhusu nani. Kwa maoni yangu Harris hakuandika kitu bora kuliko hicho katika kitabu chochote.

Kuna pia lile kasri la kumbukumbu, jumba ambalo Lecter amelijenga akilini mwake tu, ambalo ukumbi wake wa kuingilia ni kanisa la Wanormani lililoko Palermo, na ambamo Lecter huhifadhi chumba kwa chumba kila alichowahi kukijua. Rafiki yetu mmoja, ambaye amehifadhi Qur'ani yote tangu utotoni, hakuvutiwa hata kidogo. Alisema kuwa madrasa yao haikuwa na kasri. Ilikuwa na mkeka, ustadhi na fimbo, na kumbukumbu zilikaa.

Tulipofika kwa tajiri wa kisasi tukaanza kutengana. Mason Verger, ambaye ukoo wake umetajirika kwa machinjio, aliwahi kuharibiwa uso na Lecter, na sasa anafuga nguruwe maalumu kutoka Sardinia waliofundishwa kula mtu akiwa hai. Wapo waliokichukia kitabu kwa sababu hiyo tu, na wengine waliongeza kuwa nguruwe peke yake angetosha, hapakuwa na haja ya kumfundisha lolote. Mimi nguruwe hawakunisumbua, wala yule samaki mkunga anayetumiwa kummaliza Verger, ingawa tangu siku hiyo simtazami mkunga sokoni kama nilivyozoea. Kilichonisumbua ni hesabu iliyo nyuma yao. Verger anawadhulumu watoto, Pazzi anauza mtu kwa fedha, Krendler anamwangamiza mwanamke kwa kuwa alimkataa. Takriban kila anayekufa kwa mkono wa Lecter katika mwendelezo huu ametangulizwa mbele yetu akiwa amekwisha kuhukumiwa, hivyo kwamba kisu kinaposhuka msomaji anaona haki imetendeka. Kitabu cha awali hakikutupa raha hiyo. Pale Lecter anapotoroka anaua walinzi waliokuwa wakimtendea kwa staha, na uzuri wa muziki wa Bach anaousikiliza haumfuti damu mdomoni.

Sambamba na hilo ni habari ya Mischa, dada mdogo wa Lecter. Katika The Silence of the Lambs Lecter anakataa katakata kuelezwa. Anamwambia Starling kwamba hakuna kilichompata cha kumfanya awe alivyo, na kukataa huko ndiko kulikomfanya atutishe. Katika mwendelezo tunaambiwa kuwa mwaka 1944, huko Lithuania, askari waliotoroka jeshi walimla dada yake mdogo. Muuguzi mmoja katika kundi letu alisema hapo ndipo alipomwelewa kwa mara ya kwanza na kumhurumia. Namheshimu kwa kauli hiyo, kwa maana yeye huwaona wagonjwa kila siku na mimi siwaoni, lakini ninaamini Harris alilipa bei kubwa mno ili kuinunua huruma yake. Hofu iliyokuwa haina chanzo ilipewa chanzo, na chanzo chenyewe kinafanana mno na ugonjwa kiasi cha kuonekana kimetengenezwa.

Na sasa mwisho. Starling anamwokoa Lecter kutoka kwa nguruwe, anajeruhiwa kwa dawa ya usingizi, naye Lecter anamchukua, anamtibu, anampa dawa za kuilegeza akili, anamfanyia usingizi wa bandia, na hata anamletea mifupa ya baba yake ili azungumze nayo. Kisha wanakula pamoja karamu ambayo Krendler, akiwa hai, ndiye mgeni na ndiye chakula. Baadaye wanakuwa wapenzi, na wanaonekana Buenos Aires, katika jumba la opera la Teatro Colón, wamevaa vizuri na wamenawiri.

Mwanasheria kijana wa kundi letu, mwanamke ambaye Starling alikuwa shujaa wake tangu sekondari, alikirudisha kitabu kwa hasira. Hakulalamikia maadili. Alisema hakuna mahakama inayokubali ridhaa ya mtu aliyenyweshwa dawa, na kwamba kama Harris alitaka Starling aiache dunia iliyomdhulumu na kumchagua muuaji, angemwacha achague akiwa na akili zake. Mwalimu alimkatiza: "Umesoma kwa haraka, mwanangu. Kitabu kinasema dawa ziliachwa zamani, na yeye amebaki. Tena ni yeye aliyemnyamazisha Lecter kwa swali, alipomuuliza kwa nini Mischa asipewe nafasi ndani ya Lecter mwenyewe." Hoja hiyo ni ya kweli na iko katika maandishi. Hata hivyo niko upande wa mwanasheria. Kama dawa hazikuwa na kazi, hazikuhitajika. Na kama zilihitajika, basi Starling wa kitabu cha awali, aliyewahi kumkabili Lecter bila silaha yoyote ila ukweli wake, hakuweza kufika mezani pale kwa miguu yake, na mwandishi alilijua hilo.

Waliotengeneza filamu mwaka 2001 hawakuuthubutu mwisho huo. Jodie Foster, aliyemwigiza Starling katika filamu ya 1991, alikataa kurudi, Julianne Moore akachukua nafasi yake, na kwenye filamu Starling anajifunga pingu na Lecter, naye Lecter anaukata mkono wake mwenyewe ili atoroke. Ni mwisho wa heshima zaidi kwa Starling. Nashangaa kwamba mwalimu naye anaupenda, kwa sababu, anasema, bwana yule alijikata yeye badala ya kumkata binti wa watu.

Baada ya Hannibal, Harris alirudi kwa Mischa mwaka 2006 kwa kitabu kizima juu ya ujana wa Lecter. Muuguzi amekwisha kukisoma na anataka kutuazima. Mwanasheria amemwambia asimpelekee. Mimi nimeomba zamu ya mwisho.