Nani aliufungulia mhesi mlango

Mjomba alishusha panga begani, akachungulia daftari langu. "Umeandika huu ni msitu wa asili?"

Nilikuwa nimeandika hivyo. Kiwanja changu cha kupimia miti, mita 20 kwa 20, nilishakizungushia kamba ya katani kwenye mteremko juu ya Kwamkoro, huku kwetu Amani, Usambara Mashariki.

"Basi hesabu tena, mpwa wangu. Hapa unapokanyaga palipita njia ya magogo."

Nikahesabu tena, safari hii nikipiga magoti. Mihesi mikubwa ilikuwa imesimama kwa mstari uleule wa ile njia, na chini yake miche ya mhesi imejaa kama majani ya boga. Mche wa mtambara, mti ambao milima hii inajivunia, niliuona mmoja tu, haufiki goti. Nikabandua majani makavu ili nione udongo, nikaufikia kwa kidole kimoja. Chini ya mtambara mkongwe, hatua chache tu kutoka hapo, kiganja kizima kilizama.

Watoto wa Amani hukua wakidhani mhesi ni mti wa wazee wetu. Tunaupikia na tunaujengea mazizi. Kumbe kwao ni upande wa Ziwa Victoria, kuanzia Bukoba kuelekea Uganda, na jina lake la kitaalamu, Maesopsis eminii, limebeba jina la Emin Pasha, daktari na mpelelezi Mjerumani wa karne ya 19. Huku kwetu ulifika karibu na mwaka 1913, kupitia kituo cha utafiti ambacho Wajerumani walikianzisha Amani mwaka 1902. Pale walipanda mamia ya aina za miti na mimea kutoka kila pembe ya dunia, waone upi utaleta faida: mpira, kwinini, viungo, mbao. Bustani haikuwa na ukuta wa kuwazuia ndege.

Na ndege ndiye aliyebaki akiifanya kazi hiyo. Tunda la mhesi likiiva huwa la zambarau iliyokolea. Hondohondo hulimeza zima, huvuka bonde, hudondosha mbegu. Unamsikia kabla hujamwona, mabawa yanavuma kama mtu anayekung'uta mkeka. Lakini mbegu ikidondoka chini ya msambu, mti wa asili wa huku, uliofunga kivuli, mche unachipua, unadumaa, unakufa. Mhesi unataka jua. Kwa hiyo swali langu si tena mti huu umetoka wapi, bali nani alitoboa paa la msitu.

Nilikaa wiki mbili Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na faili za Kijerumani, kisha nikarudi nikazitembelea sehemu zilezile kwa miguu. Tobo la kwanza ni kahawa ya miaka ya 1890. Walioleta mashamba kama Derema waliona miti mirefu wakaamini udongo wake una utajiri. Utajiri ulikuwa kwenye msitu wenyewe, kwenye majani yanayooza na mizizi inayoyadaka kabla hayajapotea. Mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka imeusafisha udongo wa chini kwa karne nyingi, umebaki na tindikali. Miti ilipoondoka, rutuba ikaondoka nayo, kahawa ikashindwa. Baadaye chai ikachukua nafasi, nayo ndiyo unayoiona leo ukipanda kutoka Muheza. Tobo jingine, la enzi ileile ya Wajerumani, ni reli ndogo ya Tengeni hadi Sigi, ya kushusha magogo. Baada ya uhuru misumeno haikunyamaza: miaka ya 1970 na 1980 trekta ziliingia ndani kabisa, na pale palipokatwa ukapandwa mhesi kwa sababu unakua haraka. Uamuzi ule ulikuwa wetu, lakini mbegu na fikra ya kuuona msitu kama ghala la mbao tulivirithi.

Hili linaniuma kwa sababu nikiwa darasa la sita mama alizuiwa shamba lake la iliki. Aliambiwa, yeye na kina mama wenzake, kwamba wao ndio wanaoua msitu. Sitasema iliki haina madhara. Kuilima ni kufyeka vichaka na miche ya chini, na pasipo miche leo hapana miti kesho. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo, siifichi. Ila nikiiweka ramani ya mashamba ya zamani juu ya vipimo vyangu, mihesi minene haikuanzia kwenye iliki ya mama. Inafuata mipaka ya chai na njia za magogo. Hilo hakuna aliyemwambia mama siku ile, na mimi nataka liandikwe kwa Kiswahili ili alisome mwenyewe.

Jioni ile Mjomba alinionyesha nyuma ya nyumba yake mbegu za msambu alizofukia chini ya mgomba. Msambu una subira ndefu, mbegu inaweza kukaa ardhini miezi mingi bila dalili. Jina lake la kitaalamu, Allanblackia stuhlmannii, ni la Franz Stuhlmann, mmoja wa wakurugenzi wa mwanzo wa kituo cha Amani. Nilipomwambia, Mjomba alikaa kimya kidogo. "Sisi tunauita msambu," akasema, akachukua kopo akamwagilia.

Natafuta wazee, au watoto wao, waliofanya kazi ya kupanda mihesi Kwamkoro au kukokota magogo Sigi. Kama yuko nyumbani kwenu, niandikie. Nitapanda gari nije.