Nilivyowanasa vipepeo walevi kwa ulanzi

Aliyenishauri nipande maua ili nivute vipepeo alinipotezea msimu mzima. Nilipanda, nikamwagilia, wakaja wale weupe wa kwenye mboga. Niliowataka mimi, Charaxes, wenye mwili mnene na vimikia viwili kwenye kila bawa la nyuma, walikatiza juu ya miti kama jiwe la manati. Kumbe hawana haja na maua! Hao hufyonza utomvu wa mti uliojeruhiwa, matunda yaliyooza, hata mizoga na mavi.

Basi nikaweka ndizi mbivu kwenye sahani, juu ya kisiki. Asubuhi siafu walikuwa wamejipanga kutoka kisikini hadi mlango wa jiko, na mke wangu akanisemesha Kihehe ambacho siwezi kukiandika hapa. Nikazitundika mtini. Zikaliwa na tumbili.

Ndipo nikaenda kwa mzee mmoja mgema wa ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mianzi, huku Kilolo, Iringa.

"Kamwene, mzee. Naomba lita moja."

"Kamwene, mwanangu. Mtogwa, ule mtamu, au mkangafu, uliochachuka?"

"Mkangafu, ule ambao hata walevi wameukataa."

Akanitazama. "Umegombana na mwenzio?"

Niliponda ndizi zilizoiva kupita kiasi, nikamwagia ulanzi, nikaanika ndoo juani siku tatu. Kifuniko msikikaze, changu kiliruka hadi bandani kwa kuku. Mtego ni chandarua kuukuu nilichokishona kama gunia refu, na pete mbili za waya kukitanua. Juu nimefunga, chini wazi. Sahani ya chambo inaning'inia chini ya ule mdomo, nafasi ya vidole vitatu hivi. Kipepeo anapenya pembeni, anakunywa, akishiba anaruka kwenda juu. Kushuka tena hajui. Kamba ya kutundikia niliipaka grisi ya baiskeli, na siafu hao wakagota hapo. Hilo la grisi sikufundishwa na mtu! Gharama zote, pamoja na ulanzi, hazikufika elfu kumi.

Siku ya pili, jua la saa sita, nikakuta watatu. Mmoja alikuwa Charaxes candiope, yule mwenye mishipa ya kijani kwenye mabawa ya mbele, ambaye kiwavi wake hula majani ya jamii ya Croton. Mwingine alikuwa bado sahanini, kazama kwenye kinywaji, nikamshika kwa vidole viwili bila kukurupuka. Nikamhesabu miguu: minne. Ile miwili ya mbele imesinyaa, kaikunja kifuani kama vibrashi. Nikapiga picha, nikawaachia wote.

Kinachoniudhi ni kwamba siku iliyofuata niliwakuta wawili hatua chache kutoka kwenye mtego wangu, wametua kwenye kinyesi cha mbwa wa jirani, hawana habari na ndizi zangu. Hata hivyo sijaacha. Mzee sasa ananiwekea masalia ya ndoo kila wiki, na bei ananitoza ileile ya wanywaji wengine.